Mzee anayesahau hajalishwa sumu, lakini sumu zipo

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza swali hili katika kliniki, na aghalabu huliuliza kwa sauti ya chini, mgonjwa akiwa ametolewa nje kwanza: "Daktari, kweli huyu hakulishwa kitu?" Anayeuliza huwa ni kifungua mimba, au binti aliyesafiri na basi usiku kucha akimleta mamake mjini. Mama amesahau majina ya wajukuu. Ameliacha jiko likiwaka mara mbili. Amemtuhumu mfanyakazi kwamba ameiba leso, ilhali leso aliiweka mwenyewe chini ya mto. Jamaa wamekaa kikao na kuafikiana kwamba akili ya mtu mzima haiharibiki hivi hivi. Lazima pana mkono wa mtu.

Msomaji mpenzi, usiharakishe kuwacheka. Wasomi wa mjini nao huniletea swali lilo hilo, ila wamelivisha suti. Wao humshuku mtengenezaji wa sufuria, maji ya mfereji, au kitu kingine walichosoma katika ujumbe uliozungushwa kwenye simu. Hawa na wale wanatafuta sumu. Jibu langu kwao wote ni kwamba sumu za ubongo zipo na baadhi yake twazijua kwa majina, lakini nyingi haziko pale wanapozitafuta. Na wakati wanaoupoteza wakizitafuta pasipo ndio wakati ambao mzee angeweza kusaidiwa.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Dimensia si ugonjwa mmoja. Ni hali ya akili kudhoofika kiasi cha mtu kushindwa kujiendeshea maisha yake, na huletwa na maradhi mengi tofauti, kama vile homa inavyoletwa na maradhi mengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 57 walikuwa na hali hii mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi zisizo tajiri. Ugonjwa unaoongoza katika kuileta ni ule wa Alzheimer, uitwao kwa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1906 aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyelazwa Frankfurt akiwa na umri wa miaka 51 tu. Alipoutazama ubongo wake kwa hadubini baada ya kufa, aliona uchafu ulioganda baina ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli zenyewe.

Leo tunajua kwamba uchafu huo huanza kukusanyika miaka 15 au 20 kabla ya mtu kusahau chochote. Fikiria maana yake. Mama aliyeanza kupotea njia Krismasi iliyopita alianza kuugua alipokuwa bado akienda kazini na kuendesha chama cha akina mama. Hakuna chakula cha matanga, wala chai ya jirani, iwezayo kufanya kazi ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye sufuria, maana ndiyo mshukiwa mkuu wa mjini. Shuku hiyo haikuzuka bure. Mwaka 1965 watafiti huko Marekani walitia chumvi ya alumini katika ubongo wa sungura, wakaona nyuzi zikisokotana ndani ya seli. Dunia ilishtuka. Baadaye ilibainika kuwa nyuzi za sungura si sawa na zile za binadamu mwenye Alzheimer, lakini habari ya kwanza ilikuwa imekwisha kusambaa, na habari ya pili haikupata miguu.

Kisha ukaja msiba wa wagonjwa wa figo. Katika miaka ya 1970, baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine walianza kugugumia, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na wengi wakafa. Chanzo kilikuwa alumini iliyokuwamo ndani ya maji ya mashine, na ndani ya dawa walizomeza. Maji hayo hupita karibu kabisa na damu, na figo zilizokufa haziwezi kuitoa alumini mwilini. Maji yalipoanza kuchujwa barabara, ugonjwa ule ukatoweka karibu kabisa. Hivyo ndivyo sumu halisi inavyojulikana: ukiitoa, maradhi yanakwenda nayo.

Halafu kuna Camelford, kule Cornwall nchini Uingereza. Mnamo Julai 1988 dereva wa lori alimwaga tani 20 za chumvi ya alumini katika tangi lisilolengwa, na maji hayo yakawafikia watu wapatao 20,000. Mwanamke mmoja wa eneo hilo, aliyefariki mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 59, alikutwa na alumini nyingi mno katika ubongo. Hilo silidharau. Lakini tani 20 ndani ya maji ya mji mmoja si sawa na sufuria ya ugali.

Katika chakula cha kawaida, utumbo huruhusu chini ya asilimia moja ya alumini kupita, na figo nzima huitoa kwa mkojo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema mtu mzima aweza kula miligramu 2 kwa kila kilo ya uzani wake kwa wiki bila dhara. Nusu karne ya utafiti haijaonyesha kwamba wanaopikia sufuria za alumini hupata Alzheimer kuliko wengine. Mimi mwenyewe hupikia hizo. Kitu nisichofanya ni kulaza humo mchuzi wa nyanya, maziwa lala au kitu kilichokamuliwa ndimu, kwa kuwa ukali huo huila sufuria.

Je, sufuria imeachiliwa huru? Ngoja kidogo. Mwaka 2017 watafiti walitangaza matokeo ya kuchunguza vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10 zinazoendelea, Kenya na Tanzania zikiwamo. Vilikuwa vyombo vinavyoundwa kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa: vipande vya injini, rejeta na mabaki ya vifaa vya umeme. Zaidi ya theluthi moja ya vyombo hivyo, vilipochemshiwa maji yenye ukali kama wa siki, vilitoa madini ya risasi. Kwa hiyo tumekuwa tukiishtaki sufuria kwa kosa ambalo halijathibitishwa, na kosa lake la kweli, wakati mwingine, linapita mlangoni bila kuulizwa.

Risasi ndiyo ninayotaka uijue, msomaji, kwani wewe na mimi tunaibeba. Petroli yenye risasi iliuzwa Kenya hadi mwisho wa mwaka 2005. Iliongezwa humo ili injini zisigonge. Ikiwa ulilelewa Nairobi, Mombasa, Nakuru au Kisumu kabla ya hapo, ukicheza kando ya barabara na kungojea basi stejini, uliivuta kila siku, kama nilivyoivuta mimi. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka 2021.

Mwili hauijui risasi. Huidhania kuwa kalsiamu, ukaiweka akiba mifupani, na humo hukaa miongo kadhaa. Uzee unapokuja na mifupa kuanza kuyeyuka, hasa kwa akina mama baada ya kukoma hedhi, ile akiba hurudi kwenye damu na kupanda hadi kichwani. Kuna utafiti wa mwaka 2008 ambao haunitoki akilini. Tumbili waliopewa risasi wakiwa wachanga, kisha wakaachwa waishi bila risasi, walichunguzwa ubongo wakiwa na umri wa miaka 23. Walikutwa na dalili za Alzheimer nyingi kuliko wenzao ambao hawakupewa.

Tumbili si watu, na haijathibitishwa kwamba risasi huleta dimensia kwa binadamu. Nasema hivyo wazi, ili mtu asiende kutangaza kwamba daktari wa gazeti kasema. Lakini imethibitishwa kwamba risasi hupunguza akili ya mtoto, kwamba hupandisha shinikizo la damu kwa mtu mzima, na kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Shinikizo la damu nalo ni mojawapo ya mambo yanayoongoza katika kuharibu ubongo uzeeni. Sioni kwa nini tungoje ushahidi zaidi ndipo tuikatae.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, hawakungoja. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa kando ya nyumba zao, na watoto wakaanza kuugua. Bi Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe alidhurika, aliongoza mapambano hayo na kutunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Watoto wa wakati ule bado ni vijana. Itachukua miaka 40 kujua risasi ile itawafanyia nini watakapozeeka, na sijui kama kutakuwa na mtu wa kuhesabu.

Moshi ni jambo jingine. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, ilitaja mambo 14 ambayo kwa pamoja yanahusika na takriban asilimia 45 ya dimensia yote duniani, na hewa chafu imo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster waliuchunguza ubongo wa marehemu 37 wa Mexico City na Manchester, wakakuta chembechembe za chuma zenye umbo la mviringo, za aina itokayo kwenye moto mkali kama wa injini. Huenda chembe hizo hupita puani, zikafuata neva ya kunusa hadi ndani. Bado si hakika kwamba ndizo zinazoharibu kumbukumbu. Lakini ukisimama nyuma ya matatu ya dizeli inayopanda mlima, au ukipika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha, huhitaji profesa akuambie kwamba hicho si kitu cha kuingiza kichwani.

Makaa yana hatari yake ya papo hapo. Kila msimu wa baridi tunapokea watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Wengine huamka wakaonekana wamepona, kisha wiki mbili tatu baadaye wakaanza kusahau na kutembea kwa kuburuta miguu. Gesi ya makaa haina rangi wala harufu.

Kuhusu pombe sitarefusha, maana wanaohitaji kusoma aya hii wamekwisha kufungua ukurasa wa michezo. Pombe ndiyo sumu ya ubongo inayouzwa kwa leseni. Mlevi asiyekula vizuri huishiwa na vitamini B1, akapoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya, na akitibiwa kwa kuchelewa harudi alivyokuwa. Chang'aa iliyotiwa methanoli ni mbaya zaidi. Mwaka 2000 iliua zaidi ya watu 100 huko Mukuru, na walionusurika wengine walibaki vipofu.

Sumu ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote, hata hivyo, huja ndani ya bahasha ya dawa.

Kumbukumbu hutegemea kemikali ya ubongo iitwayo asetilikolini. Mgonjwa wa Alzheimer amepungukiwa nayo, na dawa tunazompa, kama vile donepezili, hujaribu kuihifadhi ile kidogo iliyobaki. Sasa kuna dawa nyingi za kawaida zinazofanya kinyume kabisa, yaani huizuia. Piriton, ile ya mafua na mwasho, imo. Amitriptilini ya maumivu ya neva na ya usingizi imo. Baadhi ya dawa za mkojo wa mara kwa mara zimo. Kijana akizimeza atasinzia tu. Mzee wa miaka 75 hupotea.

Niliwahi kuletewa mzee mmoja, karani mstaafu, ambaye jamaa zake walikuwa wamekwisha kutumia pesa za ng'ombe wawili kumtafutia aliyemroga. Kwenye mfuko wake wa dawa mlikuwa na hizo tatu nilizozitaja. Kila moja ilitoka kwa mtu tofauti: daktari wa kisukari, daktari wa mkojo, na mwenye duka la dawa mtaani. Hakuna aliyejua wenziwe wametoa nini. Tulizipunguza polepole, moja baada ya nyingine, kwa muda wa wiki sita. Hakuwa kijana tena, lakini alimtambua mwanawe, na aliniuliza bei ya magazeti siku hizi ni ngapi, akasikitika.

Na jambo hili haliishii kwenye kuchanganyikiwa kwa muda tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia wazee zaidi ya 3,400 eneo la Seattle, uliona kwamba waliozitumia sana dawa za jamii hii kwa miaka walipatwa na dimensia zaidi kuliko wasiozitumia. Yawezekana baadhi yao walizimeza kwa sababu ya dalili za mwanzo za ugonjwa wenyewe. Hoja hiyo ipo. Lakini dawa ya mafua si kitu cha kumpa mzee kila usiku "apate usingizi". Ila usiziache ghafla kwa sababu ya makala haya. Nenda ukaulize.

Penye hofu ya sumu hapakosi mwenye kuuza dawa ya kusafisha sumu. Mjini wamejaa. Kuna beseni la umeme la kutumbukiza miguu, ambalo maji yake hugeuka kahawia, ukaambiwa hizo ndizo sumu zinazotoka. Rangi ile ni kutu ya vyuma vilivyomo ndani ya beseni. Maji hugeuka hata usipotia mguu. Kuna chai, kuna unga, kuna vidonge. Na kuna wanaotia watu dripu ya kuvuta madini kutoka kwenye damu. Dawa za aina hiyo ni za kweli na hutumika hospitalini kwa mtu aliyepimwa na kukutwa na risasi nyingi, lakini hazijaonyeshwa kumrudishia kumbukumbu mgonjwa wa dimensia, na zaweza kuua. Mwaka 2005 huko Pennsylvania, Marekani, mtoto wa miaka 5 aliyetiwa dripu kama hiyo kwa ajili ya ugonjwa wa usonji alifariki, kwa sababu ilishusha kalsiamu ya damu yake hadi moyo ukasimama.

Nikiwasema hao yanipasa pia kukiri kwamba sisi madaktari hatuna muujiza. Ule uchafu alioona Alzheimer ni protini ambayo ubongo huitengeneza wenyewe, na wengi wetu twaamini kwamba inapokusanyika hugeuka sumu. Kwa hiyo kuna sumu ambayo haikutoka nje hata kidogo. Tangu mwaka 2023 Marekani imeruhusu dawa ya lekanemabu ya kuiondoa. Hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo, haiurudishi nyuma, huhitaji skani za mara kwa mara kwa kuwa yaweza kuvujisha damu ubongoni, na bei yake kwa familia ya kawaida hapa Kenya ni ndoto.

Ndiyo maana hunikera kuona mambo yanayotibika yakiachwa bila kupimwa. Ukosefu wa vitamini B12 humfanya mtu asahau, na hutokea kwa wazee na kwa wanaomeza metformini ya kisukari kwa miaka mingi. Hutibiwa kwa sindano. Tezi ya shingoni ikilegea, akili nayo hulegea. Kaswende ya zamani hufika kichwani, virusi vya Ukimwi pia. Mzee aliyejikwaa bafuni miezi miwili iliyopita aweza kuwa na damu iliyovuja kati ya fuvu na ubongo, nayo hutolewa na daktari wa upasuaji. Wengine ni viziwi tu, au wamefiwa na wamezama katika huzuni. Vipimo vingi vya mambo haya hugharimu kidogo kuliko mbuzi mmoja wa mganga.

Na gharama ya kutopima si pesa peke yake. Huko Kilifi wazee wameuawa miaka nenda miaka rudi kwa tuhuma za uchawi, na kituo cha Kaya Godoma kimewahifadhi waliookoka. Oktoba 2021 wanawake wanne wakongwe waliuawa huko Marani, Kisii, kwa tuhuma hizo hizo. Kikongwe anayezurura usiku, anayeongea peke yake na kuingia boma lisilo lake, kwangu mimi ni mgonjwa mpaka vipimo viseme vingine. Familia inayotafuta aliyemlisha mzee wao sumu na kijiji kinachomtafuta mchawi wanapita njia moja.

Kwa upande wa serikali, nina ombi dogo kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Ipo mashine ya kushikwa mkononi inayoonyesha risasi ndani ya chuma kwa muda mfupi. Ipelekwe Kamukunji na Gikomba, ipime malighafi kabla hayajayeyushwa, na fundi asaidiwe kupata chuma safi badala ya kunyang'anywa mali yake. Na kipimo cha risasi kwenye damu kipatikane katika hospitali za kaunti, kwa watoto kwanza.

Wewe msomaji, ukimpeleka mzee kwa daktari, usimwachie nyumbani mfuko wa dawa. Beba wote, pamoja na zile za chupa zisizo na kibandiko na zile alizopewa na jirani. Mwombe daktari azimwage mezani na kuzitazama moja moja. Na akikwambia hana muda huo, mtafute mwingine.